Kadi ya Mzee Asiyeumwa

Zahanati ya Namkongola,
Ruangwa.
12 Desemba 2003

Kwa kaka yangu mpendwa Gaudens,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kutoka kwenye benchi la wagonjwa, maana leo mvua imenyesha tangu alfajiri na hakuna aliyekuja, kwa hiyo benchi lote ni langu. Je, mgongo umepona, au bado unakuuma ukiinamia miwa? Na huko Kilombero mmeshapanda? Sisi wote tu wazima. Mama siku hizi anapalilia mbaazi na kulalamika kwamba barua zako siku hizi ni fupi kuliko risiti. Baba ni mzima kama unavyomjua, hajui mafua wala homa, na huo uzima wake ndio umenifanya nikuandikie barua ndefu hivi.

Unajua kwamba barua zote za Baba huwa naziandika mimi. Yeye husema, mimi huandika, na kila moja humalizika kwa kukuambia kwamba huku hakuna jipya. Leo naandika kwa niaba yangu mwenyewe, na jipya lipo. Nakuomba uisome polepole, tena uisome ukiwa umekaa.

Mwaka jana soko la korosho lilipofunguliwa walikuja watu wa wilayani kutueleza habari za Mfuko wa Afya ya Jamii. Ulipoondoka huku, kulipa kila unapougua ndiko kulikokuwa kunaanza, na mtu huugua hasa wakati mfukoni hamna kitu. Sasa wakasema kaya italipa mara moja kwa mwaka, korosho zikishauzwa, itapewa kadi, na baba, mama na watoto wa nyumba ile watatibiwa mwaka mzima bila kutoa tena. Sanduku la dawa la serikali, unalikumbuka, huisha kabla ya mwezi kwisha. Basi mfuko ungenunua zinazopungua, na hizo zingekuwa za wenye kadi.

Baba alikataa siku tatu. Siku ya nne akasikia kwamba Ausi mwenye duka ameshalipa, na wewe unajua Baba hawezi kupitwa na Ausi hata katika kupiga chafya. Akalipa. Kadi yake akaifungia kwenye lile sanduku la bati, pamoja na cheti cha kipaimara na karatasi za shamba, na tangu siku hiyo haikuona jua mpaka ilipokaribia kufa.

Kaka, nataka nikueleze siku boksi la kwanza la dawa za mfuko lilipoteremshwa hapa. Watu waliacha mashamba. Walilizunguka boksi lile, na Bi Biasha, jirani yetu, akamwomba bwana Twaha, mganga wetu, amwonyeshe vidonge vyake ni vipi kati ya vile. Bwana Twaha akamweleza kwa upole kwamba havina majina, ni vya yeyote atakayeugua. Bi Biasha akafikiri, kisha akauliza kama ina maana kwamba korosho zake zinaweza kumtibu mtu ambaye hata hamjui. Akaambiwa ndiyo. Akaliwekea boksi mkono juu, kama anavyoguswa mtoto kichwani, akarudi shambani. Mimi nimefanya kazi hapa mwaka wa nne, nimeosha vidonda na kuandika rejista mpaka vidole vina wino usiotoka, lakini siku ile nilihisi kwamba nimesimama mbele ya jambo kubwa kuliko mimi, na nikashindwa kuhesabu dawa mpaka bwana Twaha akaniuliza kama naumwa.

Hapa lazima nikutajie mtoto mmoja, kwa sababu habari yote inamzunguka yeye. Ni binti wa Koleta, yule Koleta wa ng'ambo ya kijito, ambaye mama yake alikuwa anafinyanga vyungu. Mtoto huyo ana kifafa. Alianza kuanguka akiwa na miaka mitatu. Akianguka njiani watu husimama mbali, wengine wanaogopa povu lake, wengine wanawaita watoto wao ndani. Mwaka juzi aliangukia jiko, na mkono wake wa kushoto umebaki na kovu kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Bwana Twaha alimwandikia vidonge vya kumeza kila siku. Dawa ile serikali inasema ni bure, na ni kweli ni bure, ila kwenye sanduku huja kidogo sana. Zilizomfikia mtoto mwezi hadi mwezi ni zile zilizonunuliwa na mfuko.

Kidonge chenyewe ni cheupe, kidogo, kikianguka sakafuni unakitafuta kwa kupapasa. Na kidonge hicho kimemsimamisha mtoto mwaka mzima. Ameanguka mara moja tu tangu Desemba mwaka jana. Ameanza shule. Nimemwona akiruka kamba, kaka, nikasimama njiani na ndoo kichwani nikimtazama mpaka maji yakanimwagikia. Dawa hii haikatwi. Ikikatika hata wiki mbili, anarudi chini, na safari hii huenda isiwe mkono peke yake.

Utauliza Koleta alipata wapi fedha ya kadi wakati hana hata mkorosho mmoja. Hakupata. Mtoto alitibiwa kwa kadi ya mtu mwingine, na mwizi wa kadi hiyo nilikuwa mimi. Ya nani, utaiona mbele.

Sasa sikiliza vituko vya watu wako. Kadi zote zilikuwa zinakwisha mwishoni mwa Oktoba. Wiki ya mwisho, Jumatatu asubuhi, nafika kufungua mlango nakuta foleni imefika mpaka kwenye shimo la takataka, watu zaidi ya sitini, wote wamevaa nguo za Jumapili, hakuna anayekohoa. Nikadhani kuna msiba. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Baba. Nikamuuliza anaumwa nini, akanijibu kwamba haumwi kitu, amekuja kumaliza kadi.

Walikuwa wameambiana wiki nzima kwamba kadi ikifa na matibabu yake yamo ndani, umeibiwa. Kwa hiyo kila mtu alikuja kuchukua yake. Mmoja alitaka sindano yoyote, mradi iwe kubwa. Bi Biasha alisema yeye si mchoyo, apewe tu za kichwa, kitamuuma mbele ya safari. Baba alitaka apimwe kila kitu. Bwana Twaha akampima, akamwangalia ulimi, akamsikiliza kifua, akamwambia ana moyo wa kijana na aende zake nyumbani. Baba akauliza dawa yake iko wapi. Akaambiwa mtu mzima hapewi dawa. Wakatoka vivyo hivyo, mmoja mmoja, mikono mitupu, bila hata kuandikwa kwenye rejista, wakiwa wamekasirika kwa kukutwa hawana ugonjwa. Mimi nilicheka mpaka nikajificha chumba cha mizani. Nilicheka mapema.

Kwa sababu hasira ile ndiyo iliyozaa mkutano. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee Ausi akasimama mbele ya duka lake na kusema amesikia redioni habari za nchi tajiri, kwamba huko kuna makampuni ya bima ya matibabu, na watu wanagombana juu yake mpaka bungeni, kwa kuwa kampuni inachukua fedha za wazima, inawabania wagonjwa, na kinachobaki wakubwa wanagawana wanakiita faida. Akasema kama matajiri wenyewe wamelia, sisi ni nani. Akauliza faida ya Namkongola inaliwa na nani. Tangu hapo, neno likawa ni faida tu, kisimani faida, kilabuni faida, hata watoto wakicheza mdako walikuwa wanadaiana faida.

Mratibu wa mfuko akaja kutoka wilayani tarehe ishirini ya Novemba. Kijiji kizima kilikaa hapa nje ya zahanati. Alisoma hesabu yote wazi, kilichoingia, kilichotumika, na kwamba iko baki benki. Akasema baki hiyo si faida ya mtu, haina mwenye kampuni, wenyewe ni wao, na kazi yake ni kununua dawa za mwaka unaokuja. Baba akasimama na kumuuliza, kama mwenye mali ni yeye, kwa nini asipewe mali yake. Watu wakapiga makofi. Bwana Twaha akajaribu kueleza kwamba mwaka huu umekuwa mzima wewe, mwakani atakuwa mzima mwingine. Ausi akamjibu kwamba dukani kwake mtu asiyenunua sukari haachi fedha yake mezani.

Mwisho mratibu, ambaye alionekana amechoka na ni mtu wa haki, akasema hamlazimishi mtu. Kama kijiji kitapiga kura ya kujitoa, ataomba baki igawiwe kwa kaya ambazo kadi zao hazikutumika kabisa mwaka mzima, na mfuko hapa utafungwa. Kabla ya kura, akataka wenye kadi zisizotumika wajiandikishe, na kila jina lihakikiwe kwenye rejista ya Goreti.

Rejista yangu mimi, kaka. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nikamtafuta Koleta kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma kabisa na mtoto wake mgongoni, ingawa ni mkubwa wa kutembea, na alikuwa anamtazama mratibu kama mtu anayesomewa hukumu. Kura ile ingepita, dawa za mwanawe zingeishia na kopo lililokuwa kabatini, na kopo lilikuwa na vidonge vya siku tisa. Nilivihesabu asubuhi ile.

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Baba, nani tena. Akatangaza kwamba yeye hajapata kulala kitandani kwa ugonjwa tangu vita vya Kagera, kadi yake imerudi kwenye sanduku bila kutumika, na rejista ifunguliwe hapo hapo wote waone. Mratibu akaniita. Nilichoweza ni kumwomba mratibu, kwa sauti ambayo sidhani kama ilikuwa yangu, kwamba mambo ya ugonjwa ni siri ya mwenyewe, na kila mtu aingie ndani atazame ukurasa wake peke yake. Akakubali, akanisifu. Laiti angejua anamsifu nani.

Baba akaingia. Nikamfungulia ukurasa wa kaya yake, kadi namba kumi na tisa, nikarudi nyuma mpaka nikagusa ukuta. Unajua anavyosoma, kwa kidole, akitamka herufi chini chini. Ukurasa uliotakiwa kuwa mtupu ulikuwa umejaa. Mstari kwa mstari, mwezi kwa mwezi, mara kumi na moja, vidonge vya kifafa, mgonjwa yule yule. Kidole kikafika kwenye jina la mgonjwa, kikasimama. Akalirudia. Nilikuwa nimeandika Albina Gaudens.

Sasa umefika pale nilipokuambia ukae.

Ulipoondoka Januari ile ya tisini na sita, Koleta alikuwa na mimba yako na hakuwa ameijua. Wewe pia hukujua, na sitaki ujilaumu kwa hilo. Mwezi wa tano mama yake na mjomba wake walikuja kwetu kwa heshima zote, wakakaa, wakasema walichokuja kusema. Baba aliwajibu kwamba mwanawe amekwenda kutafuta maisha na hatarudishwa kwa mtoto asiyejulikana ni wa nani. Walipoondoka akatuambia mimi na Mama kwamba atakayekuandikia habari hiyo ahesabu hana baba. Mtoto akazaliwa Septemba. Koleta akampa jina la bibi yetu, mama yake Baba, na hakumwomba mtu ruhusa. Alipoanza kuanguka, Baba akasema sasa imethibitika si damu yetu, maana katika ukoo wetu hakuna kifafa.

Nami kwa miaka saba nikashika kalamu, nikakuandikia kwamba huku hakuna jipya. Mtoto alianza kutambaa, nikaandika hakuna jipya. Alianguka motoni, nilimfunga mkono ule kwa mikono yangu mwenyewe, na jioni yake Baba akaniita tukuandikie barua ya kukushukuru kwa shati, nikamalizia kwa maneno yale yale. Sikuwa mtoto, nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu. Niliogopa tu, kisha nikazoea, na kuzoea ndiko kunakonitia aibu zaidi. Nilipomwandika kwenye kadi ya Baba nilijiambia kwamba najitetea mbele ya Mungu. Huenda. Lakini kwako bado nilikuwa naandika uongo. Nisamehe, kaka yangu.

Rudi nami ndani ya chumba kile. Nilingoja Baba apige kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mara yake ya kwanza kukikalia, akaniuliza kwa Kimwera ni kitu gani hicho anachomeza mtoto. Nikatoa kidonge kimoja kwenye kopo, nikamwekea kiganjani. Akakitazama muda mrefu. Akauliza kama ni hicho tu, hiki kidogo, ndicho kinachomzuia asianguke. Nikasema ndicho. Akauliza kama kilikuwepo zamani, wakati wa ukoloni. Nikamwambia kwamba huku kwetu sidhani. Ndipo akaniambia jambo ambalo hata Mama hakulijua, kwamba bibi Albina, ambaye sisi tuliambiwa aliungua kwa bahati mbaya jikoni, alikuwa mtu wa kuanguka. Baba alikuwepo. Alikuwa na miaka minane, na alikimbia kwa sababu alikuwa amefundishwa kuogopa povu. Alikuwa ananiambia huku ameshika kile kidonge kwa mkono ule unaong'oa visiki.

Akanirudishia kidonge. Akajifuta uso kwa kofia, akatoka nje. Nilitoka nyuma yake nikijua nimekwisha, kazi imekwenda na kura imekwenda. Watu walikuwa wanangoja acheke. Akasimama mbele ya kijiji kizima, mzee Ildefonsi asiyeumwa, akasema jina lake lifutwe. Akasema kadi yake imetumika, tena imetumika kuliko ya mtu yeyote aliyekaa pale, mara kumi na moja, na kama kuna mtu anadaiwa na mfuko huo basi ni yeye. Ausi akauliza kwa mshangao ni ugonjwa gani. Baba akamjibu kwamba ni ugonjwa wa nyumbani kwake, na kwamba hata yeye alikuwa hajui kuwa anaumwa mpaka aliposoma. Kisha akamwambia Ausi aingie na yeye akasome ukurasa wake, kama ana hakika.

Kaka, hakuingia. Hakuna aliyeingia. Niliona watu wazima, wenye mashamba na wajukuu, wakitazamana, kila mmoja anajiuliza ukurasa wake una nini, nani wa kwake alikuja hapa kimya kimya, na kwa ugonjwa gani. Bi Biasha akaketi chini. Ausi akasema redio nayo huwa inazidisha. Kura ilipoitishwa ya kujitoa, mkono haukuinuka hata mmoja. Nimehudhuria mikutano mingi ya kijiji na sijapata kuona watu mia mbili wakiwa wametulia namna ile. Mpaka leo nikifungua mlango asubuhi nautazama ule uwanja mtupu na mwili unanisisimka.

Bwana Twaha aliujua ukweli jioni ile ile, nilimwambia mwenyewe. Alinigombeza vya kutosha, akasema nilichofanya ni kosa, na lingefanywa na kila mhudumu mfuko usingefika mwaka. Ana haki. Ameniandikia onyo, na tiba zile kumi na moja nazilipa kidogo kidogo kwenye mshahara wangu. Nalipa bila kununa.

Korosho zimeuzwa, na Baba amelipia kadi mpya. Inatakiwa picha ya kaya nzima, na mpiga picha alikuja kutoka Ruangwa mjini Jumamosi iliyopita. Kabla yake Baba alivuka kijito, peke yake na jogoo mkononi, akaenda kwa mama yake Koleta. Sijui yaliyosemwa huko. Najua tu kwamba jogoo alipokelewa, na kwamba Koleta ametoa sharti moja, mtoto aendelee kulala kwake. Yeye hajaolewa. Hajasema kwamba anakungoja pia, hilo nisikudanganye, maana nimeshakudanganya vya kutosha. Ameniambia tu kwamba ukija, uje kwa mtoto kwanza.

Picha moja imebandikwa kwenye kadi, ya pili nimeifunga humu kwenye barua. Huyo anayemtazama mpiga picha kwa ukali ni Mama, alikuwa anaona jua. Huyo aliyekaa kwenye mapaja ya Baba ndiye. Baba amemshika ule mkono wenye kovu, mwenyewe aliuchagua. Mtoto mdomo ameufunga kwa sababu ana pengo mbele na aliona aibu.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko mnapata mbaazi. Bi Biasha anakusalimu, na bwana Twaha pia, ingawa hamjuani. Nakuombea Noeli njema na afya, na ukiamua kunichukia kwa muda nitakuelewa, mradi uje unichukie huku huku.

Baba amekaa ubavuni kwangu ninapomaliza, kaja na mvua yake yote mwilini kuuliza nimefika wapi. Nimemuuliza kama nami nimalizie kwa yale maneno yetu ya kila siku. Amesema hapana, nikuandikie kwamba huku kuna jipya, jino la mbele la Albina limeanza kuchomoza.

Ni mimi mdogo wako,
Goreti Ildefonsi